Mashine ya kusaga inapoingia nyumbani, uji wa mtoto ndio wa kwanza kuangaliwa

Mzazi anayekwenda kununua mashine ya kusaga huuliza bei, nguvu ya mota na gunia ngapi itasaga kwa siku. Muuzaji hujibu yote bila kusita. Kuna swali moja ambalo huwa halifiki dukani kabisa: mtoto wa nyumba itakakofungwa mashine hiyo atakula nini kutoka kwenye chuma kile, wiki ile ya kwanza?

Kwa familia moja ya wilayani Mbulu, pembeni ya barabara ya Dongobesh kwenda Haydom, swali hilo liliulizwa usiku, mashine ikiwa imeshashushwa uani.

Ilitoka Arusha juu ya lori la mzigo, ikapita Babati, ikapanda mlima wa Dareda ikiwa imefunikwa turubai. Baba mwenye nyumba alikuwa ameshaipangia mahali: karakana yake, kibanda cha matofali hatua chache kutoka jikoni, anakotengeneza pikipiki na kuchomelea mageti. Umeme wa fezi tatu ulikuwa umeshaletwa. Kwa hesabu zake, fundi angefika asubuhi kutoka Katesh, upande wa Hanang, saa nane mchana mashine ingekuwa inaunguruma, na jioni fedha ya kwanza ingeingia. Mkopo wa kikundi una tarehe zake, na tarehe hazina huruma.

Mke wake hakuwa na ugomvi na mkopo. Jina lake lilikuwa kwenye fomu pia. Ugomvi wake ulikuwa na dumu la oili chafu.

“Baba watoto, hapo unapomwaga oili ya pikipiki ndipo unga utakapotokea?”

Mume alicheka kidogo, akasema dumu litasogezwa. Mke akasema dumu kusogezwa si sakafu kusafishwa. Nyumba hiyo ina watoto watatu, wa mwisho ana miezi kumi na moja, ndiyo kwanza anazoea uji. Hapo mazungumzo yakaishia, watu wakalala.

Asubuhi fundi alipofika alimkuta mume yuko nje na sepetu. Alikuwa akikwangua udongo uliolowa oili karibu na mlango, ameshatoa matairi, betri mbili za gari na kopo la rangi. Betri zina risasi na tindikali, na rangi nyingine huwa na risasi pia. Risasi ikimwingia mtoto mdogo, hata kidogo kidogo, huharibu ubongo unaokua, na haitoki kwa kunywa maziwa kama wengi wanavyoamini. Karakana na mashine ya unga si majirani wazuri. Pasipo na chumba kingine, kama ilivyo kwa familia nyingi, basi angalau ukuta wa matofali ukatishe katikati na kila upande uwe na mlango wake. Ndivyo walivyofanya hapa. Ukuta ule uliwachukua siku mbili, na fundi akarudi Katesh akisema wamwite ukikauka.

Siku hizo mbili zilimuuma mume. Kila aliyepita barabarani alisimama kuuliza mashine inaanza lini.

Zilikuwa na faida yake, maana ndizo zilizotumika kuisafisha. Mashine mpya si safi. Ni mpya tu. Kiwandani au kwenye karakana ilikotengenezwa hupakwa grisi ili isipate kutu njiani. Ndani ya chumba cha kusagia, pale nyundo zinapozunguka, hubaki vipande vidogo vya chuma vya kuchomelea, vumbi la jiwe la kunolea na wakati mwingine rangi iliyorukia ndani. Ukifungua mfuniko ukapitisha kitambaa cheupe, kitambaa hutoka cheusi. Hicho cheusi ndicho kinachoingia kwenye debe la kwanza.

Mume, kwa mazoea ya pikipiki, alichukua petroli. Fundi alikuwa ameshamkataza kabla ya kuondoka. Petroli huwaka kwa cheche ndogo, na harufu yake hukaa kwenye chuma kisha ikahamia kwenye unga. Mafuta ya taa anaweza kuyatumia kwa nje, kwenye fremu na puli, lakini chumba cha kusagia, nyundo, chekeche na mdomo wa kutolea unga ni kama sufuria. Kwanza grisi inafutwa kwa matambaa makavu mpaka yasitoke na rangi. Halafu maji ya moto na sabuni, kwa brashi. Halafu maji safi kwa kitambaa kilichokamuliwa. Halafu kukausha hapo hapo, kwa sababu chuma kilichoachwa na maji Mbulu, kwa ubaridi na ukungu wa asubuhi wa huku, kikiamka kesho kina kutu. Walizitoa nyundo moja baada ya nyingine na kuzianika juani kwenye bati. Mume alizichora namba kwa chaki ili kila moja irudi mahali pake. Nyundo zikibadilishana nafasi, uzito wa upande mmoja unazidi mwingine na mashine inatetemeka mpaka inajing’oa.

Mota haikuoshwa, wala beringi. Huko maji hayafiki. Beringi hupewa grisi yake, kiasi, na ziada hufutwa, maana grisi ikizidi hufinywa kwenda ndani.

Kazi hiyo ilimshirikisha mtoto wa darasa la tano, ambaye baba yake alimpa spika mbovu ya redio aitoe sumaku. Ushauri huo pia ulikuwa wa fundi. Sumaku ya spika ikifungwa kwenye mfuko wa plastiki na kupitishwa ndani ya chumba cha kusagia, inarudi na manyoya ya chuma. Unavua mfuko na kuutupa na uchafu wake, sumaku inabaki safi. Mara ya kwanza ilirudi imejaa kama kichana. Mtoto alifurahi sana. Mama yake aliangalia tu.

Fundi alirudi siku ya tatu. Mengi aliyoyafanya siku hiyo ni ya ufundi na hayana haja ya kuelezwa hapa yote, ila yapo yanayomhusu mzazi moja kwa moja. Mashine ilisimikwa kwenye msingi wa zege kwa boliti na kupimwa kwa pima maji. Puli ya mota na puli ya mashine zilinyooshwa kwa kamba iliyovutwa toka moja hadi nyingine, kwa kuwa mkanda ulioenda mshazari hulika na kutoa moshi wa mpira, na unga hunusa moshi huo. Waya wa ethi ulishushwa ardhini kwa nondo. Mwili wote wa mashine ni chuma, na watoto hupenda kuegemea chuma chenye joto asubuhi za baridi.

Ilipowashwa tupu kwa mara ya kwanza ilizunguka kinyume. Kwa umeme wa fezi tatu hilo ni jambo la kawaida, na dawa yake ni kubadilishana nyaya mbili. Ila ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, huku swichi kuu ikiwa imezimwa. Si ya baba mwenye haraka. Ikazimwa, ikarekebishwa, ikawashwa tena, ikazunguka tupu kwa robo saa. Fundi aliizima, akangoja isimame kabisa, ndipo akaweka mkono kwenye nyumba za beringi kupima joto. Akakaza boliti zote upya. Boliti zilizokazwa leo hulegea kwa mtetemo, na nati moja ikiangukia kwenye nyundo hutoka vipandevipande na kuishia kwenye unga.

Ndipo likaja suala la unga wa kwanza.

Mume alikuwa ameshaleta debe la mahindi meupe, mazuri. Mke akasema huo unga hauliwi. Mama mkwe, ambaye muda wote alikuwa amekaa kwenye kigoda akitazama, akasimama.

Bibi huyo amesaga kwa jiwe. Wanawake wa umri wake katika milima ya Mbulu waliamka kabla ya jogoo, wakapiga magoti mbele ya jiwe mpaka mabega yakaota sugu, na baadaye walipopata mashine ya mbali wakabeba debe kichwani na kupanga foleni nusu siku. Anaijua njaa kwa miaka yake, si kwa kusimuliwa. Kumwaga debe zima la mahindi mbele ya macho yake ni matusi.

“Chakula hakimwagwi,” alisema. “Kama hamtaki ninyi, wapeni kuku.”

“Mama, mayai ya hao kuku anakula nani?” mke aliuliza kwa sauti ya chini.

Hapakuwa na aliyejibu. Ilikuwa ni moja ya zile nyamaza za nyumbani ambazo kila mtu anajua zinaweza kudumu wiki nzima. Mume alitazama mashine. Mkwe na mkwe walitazama pengine.

Fundi ndiye aliyewatoa. Aliuliza kama kuna pumba. Palikuwa na gunia la pumba za ngano, maana ng’ombe wa nyumba hiyo hulishwa pumba, na ngano ni zao la siku nyingi pande za Basotu, ng’ambo ya Hanang. Akasema sehemu ndogo ya gunia hilo inatosha. Pumba hukwangua chuma kwa ndani, hunyonya mafuta yaliyobaki kwenye pembe na kubeba vumbi la chuma. Zinapitishwa mara mbili tatu, kisha zinafukiwa au zinachanganywa kwenye mbolea ya shamba, hazipewi mfugo. Baada ya pumba ndipo inasagwa kilo mbili tatu za mahindi, unga unatandazwa kwenye sinia jeupe, sumaku inapitishwa juu yake. Ikirudi na weusi, unarudia. Ikirudi safi, na unga hauna harufu wala doa, kazi imeisha.

Walirudia mara tatu. Kilichopotea ni pumba na mahindi yasiyofika nusu debe. Bibi hakusema kitu tena, lakini ndiye aliyepitisha sumaku mara ya mwisho, kwa mkono wake, taratibu, akaisogeza karibu na macho kuiangalia.

Hapa pana jambo la kusema wazi. Vumbi la chuma kwenye unga si ile madini ya chuma ambayo wajawazito hupewa kliniki. Wapo wanaotania kwamba unga wa mashine mpya unaongeza damu. Vipande vya chuma vya nyundo na chekeche havina kipimo, vina ncha, na huenda vikachanganyika na madini mengine yaliyotumika kuchomelea. Tumbo la mtoto wa miezi kumi na moja si mahali pa kuyajaribia.

Chuma kikishaondoka, inabaki hatari nyingine ambayo mashine haiwezi kuiondoa hata ingeoshwa kila siku, nayo inakuja ndani ya gunia. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa ugonjwa uliotokana na sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi na karanga. Watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Walikula mahindi ya nyumbani, waliyolima na kuhifadhi wenyewe. Huo ulikuwa upande wa Chemba, Kondoa na Kiteto. Mbulu na Hanang hazikutajwa, lakini ukungu hauna mipaka ya wilaya. Watafiti waliofuatilia watoto wadogo wa eneo la Haydom walikuta sumu nyingine ya ukungu wa mahindi, fumonisini, kwa wengi wao, na kuihusisha na uzito mdogo. Mtoto wa namna hiyo haanguki ghafla akapelekwa hospitali. Hakui tu vizuri, na watu husema amefuata ukoo wa mama yake.

Kupika hakuui sumu hizo. Kusaga ndiyo kabisa: punje moja mbovu ikishasagwa haionekani tena, imeenea kwenye sufuria nzima. Nafasi ya mwisho ya kuiona ni kabla haijaingia kwenye mashine. Kwa hiyo mke aliweka meza ya mbao mlangoni, kwenye mwanga, na ungo mbili juu yake. Kila mteja atachambua mahindi yake hapo, au atachambuliwa: punje zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye rangi ya kijani, nyeusi au waridi zinatolewa. Kama mahindi yana unyevu, yanarudi kwenye jua. Kipimo chake hakihitaji fedha. Unachukua chupa kavu, chumvi kavu kidogo na mahindi, unatikisa kwa dakika chache na kuacha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado mabichi.

Dona au sembe? Akina mama wa pale waliuliza hilo kuliko lolote. Dona ina virutubisho zaidi, kwa kuwa kiini na ganda vinabaki. Lakini sumu za ukungu nazo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini. Jibu la haki ni kwamba dona ni bora mahindi yakiwa safi na makavu, na isagwe kidogo kidogo, maana huchacha upesi kuliko sembe. Mahindi usiyoyaamini hayafai kwa dona, na kwa kweli hayafai kwa mtoto kwa namna yoyote. Kuhusu unga wa lishe wenye mchanganyiko wa vitu saba, mke aliweka msimamo ambao haukumpendeza kila mtu: karanga hazisagwi na mahindi kwenye mashine yake. Mafuta ya karanga huziba matundu ya chekeche, mabaki yake huoza, na karanga ndizo zinazobeba sumukuvu kwa wingi. Anayetaka karanga kwenye uji azichague, azikaange na kuzitwanga nyumbani.

Lilibaki la mikono na nguo. Mbulu ni baridi, hasa Juni na Julai, na watoto hutumwa mashineni wakiwa wamejifunga shuka au kanga mabegani. Ncha ya shuka ikigusa mkanda unaozunguka, mtoto mzima huvutwa kabla hajapiga kelele, na hata akipiga hasikiki kwa muungurumo. Mashine nyingi vijijini hazina kizuizi chochote kwenye mkanda. Fundi alidhani hata hii itakuwa hivyo, maana haikuja na kizuizi. Mume, kwa kuwa kuchomelea ndiyo kazi yake, alitengeneza mwenyewe siku hiyo hiyo: fremu ya nondo nyembamba na wavu mzito, inayofunika mkanda na puli zote mbili, imefungwa kwa boliti. Akachora mstari mwekundu sakafuni. Mteja anaishia hapo, mtoto haingii hata akiwa na debe kichwani. Atalipokea msagaji.

Swichi ilipandishwa juu, kwenye boksi lenye kufuli. Hapo walibishana kidogo tena, kwa kuwa mume alitaka ufunguo ukae kwenye msumari pembeni ya boksi, usitafutwe kila saa. Mke alimwonyesha mtoto wa darasa la tano, ambaye alikuwa amesimama juu ya kiti akiangalia jinsi boksi linavyofunguka. Ufunguo ukahamia kwenye mfuko wa mke.

Dirisha la pili lilitobolewa upande ambao upepo hautokei jikoni. Vumbi la unga huchochea pumu na kikohozi, na likijaa hewani kwenye chumba kilichofungwa linaweza kuwaka likikutana na moto wa kuni. Msagaji anafunga kitambaa puani na kuweka vizibo masikioni. Kitanda cha mtoto mdogo, kilichokuwa kwenye chumba kinachopakana na karakana, kilihamishiwa upande wa pili wa nyumba.

Mashine ilianza rasmi siku ya tano badala ya siku ya kwanza. Wateja kumi na wawili walikuja. Wa saba alikuwa jirani wa karibu, mama wa watoto wanne, na gunia nusu la mahindi yaliyonyeshewa kwenye kihenge. Harufu ilifika mezani kabla ya gunia kufunguliwa. Bibi, aliyekaa kwenye kigoda chake na ungo mapajani, alitia mkono ndani, akatoa punje kiganjani, akazisogeza kwa kidole.

“Mwanangu,” alimwambia jirani, “hizi hazichambuliki.”

Jirani alisema ndiyo aliyonayo. Mke alizima mashine ili wasikilizane. Alimweleza kwamba hawezi kuyasaga, wala si kwa ajili yake na watoto wake tu: unga unaobaki kwenye mashine unaingia kwa mteja anayefuata. Akamwambia asubiri. Alikwenda ndani, akarudi na mahindi ya nyumbani kwao, robo debe, ya kumvusha siku chache. Mume alikuwa amesimama kwenye mlango wa karakana, spana mkononi, akihesabu kimyakimya kile walichopoteza na walichotoa. Hakusema kitu. Alichukua gunia la jirani na kulipeleka nyuma ya nyumba.

Jirani alisagiwa robo debe lake bila malipo na kuondoka. Wa nane akasogeza ungo wake mezani.